Kreti ya Mlangoni

Kila mtoto aliyelala kwa Godelieve aliondoka na kitu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba, naye aliuringia kuliko alivyoringia mapazia yake na mkate wake wa zabibu. Mlangoni, kando ya mabuti ya shambani, palikuwa na kreti ya bia iliyojaa vitu vilivyotapikwa na shamba kila lilipolimwa: gololi za risasi, vifungo vya makoti ya askari, bizimu za mikanda, kijiko kilichopinda. Wageni walikuja Passendale, huku Ubelgiji, kutazama makaburi na mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, wakazunguka kwa baiskeli mchana kutwa, wakarudi na nyuso za matanga. Godelieve aliona si haki mtoto arudi kwao na majonzi matupu.

"Chagua, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Shamba letu linazaa haya kuliko viazi."

Mumewe, Firmin, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kreti hiyo. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka ikachosha: kitu ambacho hukioni chuma chake hakiingii humu. Donge lolote la udongo lenye uzito wa kutilia shaka lilikwenda chini ya nguzo ya umeme barabarani. Huko ndiko kila mkulima wa huku huweka makombora yanayoibuka shambani, na askari wategua mabomu hupita na gari lao kuyakusanya, kama kwingine wanavyopita watu wa taka. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Firmin alichutama akaipekua kreti. Sasa ana miaka mitatu kaburini. Sheria yake ilibaki, lakini wa kuchutama hakuwepo tena.

Jumapili hiyo wageni walikuwa wawili: Thibault, fundi wa miwani kutoka Huy, na binti yake Ysaline wa miaka minane. Wazazi walikuwa wameachana, na hii ilikuwa wiki ya baba. Thibault alisema Kiflemi cha kuokoteza, Godelieve alisema Kifaransa cha kuokoteza, wakakutana katikati wakichekana. Mtoto alizijua zote mbili na kuwasahihisha wote wawili.

"Anzeni na makaburi makubwa kabla mabasi hayajashusha watu," Godelieve aliwaambia akiwa jikoni, amewapa mgongo, anakaanga mayai. "Kisha mteremke Zonnebeke mkaingie mahandaki ya jumba la makumbusho. Chakula cha mchana mkahawani kwa binamu yangu Roos. Mwambieni mmetoka kwangu, asije akawapunja chipsi. Na mbio za baiskeli zinapita hapo hapo kwake, mtaona bure. Jioni mwende mjini Ieper mkasikilize tarumbeta ya kuwakumbuka askari, pale langoni mwa mji."

"Unatufukuza siku nzima," Thibault alisema.

"Nafukuza kila mtu. Nikiwaacha ndani mtanimalizia mkate."

Mtoto alikuwa ameshafika mlangoni. Sauti yake ilikuja pamoja na mlio wa vyuma. "Bibi Lieve, naruhusiwa kuchagua leo?"

"Chagua."

"Nimepata! Zito, hili!"

"Ndiyo bahati yako hiyo."

"Lakini ni donge la matope tu."

"Madonge ndiyo matamu," Godelieve alisema, akigeuza mayai. "Liloweke majini, kisha uligongegonge kwenye jiwe, pole pole, udongo ubanduke. Hapo ndipo utajua umepata nini."

Maneno hayo alikuwa amewaambia watoto wengi mno, hata mdomo uliyasema wenyewe bila kumwuliza. Walikula, wakapanda baiskeli, wakaenda. Ysaline alipunga mkono, na kikapu cha baiskeli yake kilikuwa kimeinama upande mmoja.

Godelieve alifua mashuka karibu asubuhi nzima, kisha akasafisha meza akiimba. Alitoka uani kukung'uta kitambaa, kuku wakaja mbio kwenye makombo, na hapo macho yake yakaangukia kreti. Wimbo ukamkauka kinywani.

Jana. Kwenye kitalu cha mboga. Uma wake wa kulimia ulikuwa umegonga kitu, akakichimbua: donge la ukubwa wa ngumi, zito kupita ukubwa wake. Simu ikaita ndani. Alikimbia nalo mkononi, akaliweka juu ya kreti ili apokee, akijiambia akimaliza atalipeleka nguzoni. Mwanamke wa Uholanzi alitaka chumba chenye beseni la kuogea. Walipomaliza kuongea, supu ilikuwa imefurika jikoni. Hivyo tu. Supu.

Alipiga magoti, akaimwaga kreti nzima sakafuni. Vifungo viliviringika hadi chini ya kabati. Donge halikuwemo.

"Mama Maria," alisema. "Mama Maria, usinifanyie hivi."

Alichukua simu akampigia Thibault. Simu ikaita juu ya kichwa chake, chumbani kwa wageni, ambako Thibault alikuwa ameiacha mezani kwa ahadi aliyompa bintiye kwamba hatashika simu siku nzima. Godelieve aliisikiliza ikiita mpaka ikakata. Kisha akampigia mwanawe Wannes, aliyekuwa akipanda viazi ng'ambo ya kijiji.

"Wannes, acha trekta."

"Mama, nimebakiza mistari miwili, nikimaliza—"

"Acha trekta nakwambia! Nimempa mtoto bomu."

Trekta lilinguruma kidogo kwenye simu, kisha likazimwa. "Umempa nini?"

"Donge la kitaluni. Nilidhani... sikudhani kitu. La mkono, Wannes. Lilikuwa la mkono, nilikuwa nalijua tangu nilipolishika. Na nimemwambia aligonge."

"Mama."

"Nimemwambia aligonge kwenye jiwe!"

"Nawapigia askari. Wewe fuata njia uliyowaelekeza, kama ulivyowapangia. Mimi niko upande huu wa mbio, siwezi kuvuka na trekta. Mama, unanisikia? Endesha."

Aliendesha. Gari lake dogo la kupelekea mayai sokoni lilikuwa halijawahi kukimbizwa namna ile, nalo lililalamika kila kona. Njia ile Godelieve aliipenda: mashamba yanayopanda na kushuka taratibu, kanisa nyuma, ng'ombe kwenye majani mabichi. Leo aliichukia. Kila waendesha baiskeli walipojitokeza mbele roho ilimruka, na kila alipowapita akawakuta watu wengine, alitaka kuwatukana kwa kosa la kuwa wengine. Alikuwa akijadiliana na Mungu kwa sauti, kama anavyojadiliana na mnunuzi wa mayai. Chukua nyumba. Chukua shamba. Nichukue mimi, mimi nimekwisha kula maisha yangu, yule ana meno ya utoto bado.

Makaburini alikimbia kati ya mawe meupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya wala kumruhusu mtu kulifanya. Stijn, kijana wa Langemark anayetunza maua pale, aliinua kichwa kutoka kwenye waridi zake.

"Shangazi Lieve, polepole, watu wamelala hapa."

"Baba na binti. Baiskeli za kwangu, za kijani."

"Wameondoka kama nusu saa iliyopita. Katoto kachangamfu! Kaliniomba maji, nikakaonyesha bomba nyuma ya kibanda. Kalikuwa na donge lake, kakaliloweka kwenye ndoo yangu kama mtu anayeosha kiazi."

Godelieve alishika jiwe la kaburi lililokuwa karibu. "Aligonga?"

"Alitaka kugonga pale kwenye ngazi, nikamwambia hapa hatugongi kitu, ni mahali pa heshima. Babake akamwambia angoje mpaka kwenye chakula; mahandaki wameyaahirisha, wanawahi mbio kwanza." Stijn alimtazama vizuri sasa. "Kuna nini?"

Godelieve alishageuka. Alikuwa anarudi mbio garini, na kichwani mwake neno moja lilikuwa linazunguka: chakula. Kwa Roos. Kwa Roos kuna ngazi ya jiwe mlango wa nyuma. Kila mtoto aliyewahi kwenda kwa Roos alikaa kwenye ngazi hiyo.

Mita chache kabla ya njia panda ya Zonnebeke barabara ilikuwa imefungwa. Kizuizi kilikuwa kimewekwa katikati, na nyuma yake alisimama Achiel, jirani yake, mzee mwenye tumbo, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa na kushika bendera. Mwaka mzima Achiel hakuwa mtu wa kusikilizwa hata na mbwa wake. Siku moja tu ya mbio alikuwa serikali.

"Geuza, Lieve! Mbio zinakuja. Leo hata Papa angengoja."

"Achiel, nifungulie."

"Haiwezekani. Helikopta hiyo, unaisikia? Walio mbele wako kilimani."

"Nimempa mtoto bomu la mkono."

Achiel akacheka. Huku kwetu watu hucheka wakisikia hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kulaza kombora nyuma ya banda lake majira mazima ya baridi kwa sababu alisahau kuwapigia askari, na ikawa hadithi ya kuchekesha harusini. "Wewe nawe na vyuma vyenu! Firmin angekuwepo angeku—"

Godelieve alikuwa ameshuka garini, na uso wake Achiel aliuona kwa karibu.

"Ni kweli?"

"Yuko kwa Roos. Ana miaka minane. Nimemwambia aligonge, Achiel, nimemwambia kwa mdomo wangu huu."

Mzee aligeuka kutazama kilima, akamtazama tena. "Gari hapana, watu wa mbio wataligonga na utawaua wengine. Wewe pita. Pita sasa! Kimbia!"

Akamvutia kizuizi pembeni, na Godelieve akaingia barabarani. Alikuwa na miaka sitini na minne, na goti la kushoto lilikuwa limeshaandikiwa upasuaji. Alikimbia. Pikipiki ya polisi ilimpigia honi, mtu akamtukana kwa Kifaransa, na kundi la baiskeli likapita nyuma ya mgongo wake kwa upepo uliomvuta sketi. Hakugeuka. Alishika njia ya miguu iliyokuwa reli zamani, huku kifua kikimchoma, akiwa ametega masikio. Alikuwa anangoja mlio. Alijua utakavyokuwa, kwa maana alishausikia utotoni, siku ng'ombe wa mjomba wake walipokanyaga kitu kondeni. Kila hatua bila mlio huo ilikuwa zawadi, na kila hatua ilimwongezea hofu kwamba zawadi imefika mwisho.

Kwa Roos kulikuwa kama gulio. Watu wamejaa mpaka barabarani, bia mikononi, harufu ya chipsi, muziki, watoto wakipiga mbao za matangazo kando ya barabara kwa viganja, pa-pa-pa-pa, wakiwaita waendeshaji. Godelieve alijipenyeza ubavuni mwa nyumba. Na kabla hajafika uani, chini ya kelele zote hizo, alisikia kitu kidogo sana. Chuma juu ya jiwe. To. To. To.

Ysaline alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, peke yake, amepanua miguu, nywele zimemwangukia usoni. Donge lilikuwa mkononi. Lilikuwa limepungua nusu. Udongo ulilala kando ya viatu vyake kwa vipande.

Godelieve alitaka kupiga kelele, na akajua kwamba akipiga kelele mtoto atashtuka, na akishtuka ataliangusha. Hakuna jambo gumu alilowahi kufanya, hata kumfumba Firmin macho, lililofikia hili: kusema kwa sauti ya kawaida.

"Ysaline, mwanangu. Pumzika kwanza."

"Bibi Lieve!" Uso ulimng'aa. "Umekuja kuona mbio? Tazama, limeanza kutoka. Lina vipande vipande kama chokoleti!"

Aliligeuza. Kweli, miraba ilikuwa imejitokeza chini ya kutu, safu kwa safu, na juu yake kulikuwa na kitu chembamba kilichopinda.

"Zuri," Godelieve alisema. "Hebu nilione."

Mtoto alilirudisha kifuani. "Hapana. Utalichukua."

"Nitalitazama tu."

"Watu wazima husema hivyo wakitaka kuchukua. Ni langu. Wewe ndiye uliyenipa."

Maneno hayo yalimwingia Godelieve kama sindano. Alijisogeza hatua moja, akapiga goti lake bovu kwenye mawe ya ua, akanyoosha mikono yote miwili.

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyekupa, na nilikosea. Lilikuwa la mtu mwingine, naye anakuja kulichukua. Nirudishie, nitakupa kitu bora zaidi."

"Kipi?"

"Filimbi ya marehemu babu Firmin. Ile ya fedha, ya kuitia njiwa."

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama muuzaji, huku donge likipanda na kushuka kiganjani mwake. "Unaahidi?"

"Naahidi mbele ya Mungu."

"Haya basi, daka!" akasema, na mkono ukaenda nyuma kurusha.

"Usirushe."

Ilikuwa pumzi tu, lakini mkono ulisimama hewani. Ysaline alimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza akaona kitu kilichomtisha. Akalishusha taratibu, akaliweka kwenye viganja vya Godelieve. Lilikuwa bado na joto la mikono ya mtoto.

"Sasa nenda ndani kwa baba. Usikimbie. Mwambie abaki humo na watu wote wabaki mbele."

Godelieve aliinuka, akatembea. Alipita lango la ua, akaingia shamba lililolimwa karibuni, mikono ameitanguliza mbali na mwili kana kwamba umbali huo ungesaidia kitu. Dirisha likafunguka nyuma yake. "Lieve!" Roos alipaza sauti. "Unaenda wapi na hilo? Njoo unywe kahawa!" Hakugeuza kichwa. Matuta yalikuwa laini na miguu ilizama. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na machozi yalimtiririka bila mkono wa kuyafuta. Alipofika kwenye nguzo ya umeme alichutama kama Firmin, akalilaza udongoni, akaviondoa vidole kimoja kimoja. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka goti likamkatalia, akakaa chini kati ya matuta.

Thibault alikuja kumsimamia pembeni baadaye, uso wake mweupe kama karatasi. Alikuwa amemshika bintiye begani kwa nguvu hata mtoto alikuwa akijinyonganyonga. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Baba njoo uone, baba njoo uone. Nilikuwa kwenye foleni ya chipsi."

"Nisamehe."

"Tunakwenda kuchukua vitu vyetu."

"Na filimbi?" Ysaline aliuliza. "Ameahidi." Babake alimgeuza, wakaenda zao.

Askari wategua mabomu walikuja wawili, na mkubwa wao alikuwa sajenti wa kike, kijana, mwenye mafua. Alilala kifudifudi mbele ya donge, akalitazama bila kuligusa, akarudi.

"La Waingereza. Bado hai," alisema. "Pini inayolizuia lisilipuke imeliwa na kutu, imebaki kama uzi. Mtoto alilipata wapi?"

Godelieve alimweleza yote: kitalu, simu, supu, kreti. Alipotaja kreti, sajenti aliacha kupenga kamasi.

"Kreti hiyo ina muda gani mlangoni?"

"Tangu tuanze kupokea wageni. Lakini marehemu mume wangu alikuwa akiikagua kila asubuhi. Kila asubuhi, mwanangu, hakukosa."

"Alifariki lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Na tangu hapo anaikagua nani?"

Upande wa pili wa nyumba watu walishangilia, mshindi alikuwa amepita au aliyeachwa nyuma kabisa, watu wa huku huwashangilia wote.

"Mama," sajenti alisema, safari hii kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. "Katika miaka hiyo mitatu umewapa watoto wangapi madonge?"

Hakujua. Wageni wake walipiga simu, akaandika majina yao ya kwanza kwa chaki kwenye ubao wa jikoni, na kila Jumatatu akaufuta kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa na fahari na ubao huo, kwamba hakuna makaratasi nyumbani kwake. Walitoka Leeds, Rotterdam, Liège, Cologne. Walikula mkate wake, wakakumbatiana naye, wakaenda.

Kisha akamkumbuka mmoja. Agosti iliyopita, siku ya jua kali. Mvulana aliyesimama mlangoni na donge lake, analitikisa sikioni huku anatabasamu. Bibi, kuna kitu kinachezacheza ndani. Naye, akipanga vikombe, alikuwa amemjibu bila kugeuka: ndiyo bahati yako hiyo.

"Alitoka wapi?" sajenti aliuliza baada ya kuelezwa, kalamu ikingoja. "Jina? Gari? Lugha? Chochote, mama."

Godelieve alijishika kichwa, akakikamua kwa nguvu zake zote. Mvulana alikuwa na pengo la meno ya mbele, alisema. Alikuwa na kaptura ya buluu. Wakati anapanda garini, mfuko mmoja ulikuwa unaning'inia kwa uzito.

Hakuwa na kingine cha kumwambia.